Sakafu ya Banda la Kuku la Mbao: Kuikinga na Kuitandika

Mfugaji anapojenga banda la kuku, mara nyingi fedha yake huishia kwenye paa na mlango. Paa hununuliwa bati jipya, mlango hutiwa komeo na kufuli, na sakafu hupigwa kwa mbao zilizobaki. Jioni ile ile kuku huingizwa. Baada ya masika mawili mbao zile zimekuwa laini kama mkate uliolowa, na nguchiro hana haja ya kushindana na kufuli, maana huingia kwa chini.

Maelezo haya yahusu sakafu peke yake. Yameandikwa hasa kwa ajili ya wafugaji wa Nyanda za Juu Kusini, yaani Njombe, Makete, Mufindi na sehemu za baridi za Mbeya. Huko mbao za msindano hupatikana kwa urahisi kutoka misitu ya kupandwa, kama ule wa Sao Hill, na mvua huanza mwezi wa Novemba ikaendelea mpaka Aprili. Mfugaji wa pwani au wa bara kavu naye aweza kuyafuata. Yeye atazidi kuangalia mchwa, na baridi haitamsumbua.

Maji ndiyo adui

Kabla ya kushika brashi, yafaa ujue mbao huoza kwa sababu gani. Ubao hauozi kwa uzee. Huozeshwa na kuvu, na kuvu haiwezi kuishi ndani ya ubao mkavu. Ikiwa maji yaliyomo ndani ya ubao hayafiki sehemu 20 katika 100 za uzito wake mkavu, kuvu haipati nafasi. Ndiyo maana boriti ya darini hudumu miaka mingi, na kigingi cha mti ule ule kikichimbiwa ardhini hukatika upesi pale penye usawa wa udongo.

Sasa fanya hesabu. Kuku mmoja mkubwa hutoa kinyesi kibichi cha gramu 100 hadi 150 kwa siku, na yapata robo tatu ya kinyesi hicho ni maji. Basi kuku 20 wakishinda ndani mchana na usiku, wataimwagia sakafu lita moja na nusu, au hata lita 2 na zaidi, kila siku ya Mungu. Wale wanaozurura mchana na kulala ndani huacha sehemu kubwa ya kinyesi chao chini ya vichanja usiku, palepale pamoja, usiku baada ya usiku. Hapo hujahesabu kopo la maji lililopinduliwa, wala mvua ya upepo inayopenya dirishani.

Unyevu huo hauozeshi mbao tu. Vifaranga wengi wanaokufa kwa kuhara damu wameuawa na sakafu. Ugonjwa huo huletwa na vijidudu vidogo mno viitwavyo koksidia. Mayai yake hutoka pamoja na kinyesi, na yanapotoka bado hayawezi kuambukiza. Yakipata joto, hewa na unyevu, hukomaa kwa muda wa siku moja au mbili. Kifaranga akiyadonoa, huugua. Tena mayai hayo yana ganda gumu, hata dawa nyingi za kusafishia, pamoja na chokaa, haziyaui sawasawa. Lakini penye ukavu hayakomai vizuri. Kwa hiyo mtu atumiaye fedha nyingi kununua dawa ya kuhara damu, na sakafu yake imelowa, anajaza mtungi uliotoboka.

Halafu kuna harufu. Kinyesi kilicholowa hutoa hewa kali iitwayo amonia, ambayo huunguza macho na njia ya pumzi ya kuku. Mtu mzima akisimama mlangoni huenda asiisikie, kwa kuwa pua yake iko juu. Chuchumaa mpaka kichwa chako kiwe usawa wa kichwa cha kuku, saa ya alfajiri kabla hujafungua dirisha. Macho yako yakiwasha, basi kuku wako wamelala usiku kucha katika moshi usioonekana.

Mbao na upigaji wake

Hakuna rangi wala dawa itakayoponya mbao zilizopigwa vibaya, kwa hiyo sharti tuanze hapa.

Chagua mbao za moja kwa nane zilizonyooka. Usipige sakafu kwa mabanzi. Najua mabanzi ni ya bei ndogo, na kwa ukuta wa banda hayana neno kubwa yakibanduliwa magamba. Lakini sakafuni huacha mianya isiyozibika, na chini ya gamba la mti wadudu hujificha kama wageni waliopewa chumba.

Mbao nyingi zinazouzwa kando ya barabara zimetoka kupasuliwa na zingali mbichi. Ukizipiga hivyo, kila ubao wa inchi 8 utasinyaa kama robo inchi ukikauka, na sakafu yako itakuwa na mianya toka ukuta hadi ukuta. Mwanya huo ni nyumba ya utitiri mwekundu, ambao hujificha mchana na kutoka usiku kunyonya damu ya kuku. Ni nyumba ya papasi pia. Kwa hiyo panga mbao zako kivulini mahali penye upepo, juu ya mawe, na kati ya tabaka na tabaka weka vijiti vilivyolingana unene ili hewa ipite. Wakati wa kiangazi mbao za inchi moja huhitaji kama wiki 6 hadi 8. Ukitaka kuwa na hakika, chukua kipande kimoja ukipime kwenye mizani ya duka kila wiki. Uzito ukikoma kupungua, mbao zimekauka.

Banda liinuliwe futi 2 na nusu hadi futi 3 kutoka ardhini, ili hewa ipite chini na mtu aweze kuinama akaitazama sakafu kwa upande wa chini. Miguu isichimbiwe, bali isimame juu ya mawe au matofali ya saruji. Juu ya kila mguu, kabla ya kulaza boriti, weka kofia ya bati pana yenye kingo zilizoinamishwa chini. Panya hushindwa kuipita, na mchwa hulazimika kujenga njia yao ya udongo kwa nje, ambapo utaiona na kuibomoa. Boriti za mbili kwa nne zipangwe kila baada ya inchi 18, ili sakafu isinepe mtu akiingia kufagia.

Uipe sakafu mteremko mdogo kuelekea mlangoni, inchi moja kwa kila futi 4. Ni jambo dogo, na mafundi wengi hulikataa kwa kuwa wamezoea kupima kwa maji na kutaka kila kitu kiwe sawa. Mwambie fundi wako kwamba hii si meza.

Kuhusu ukubwa, hesabu futi 2 za mraba kwa kila kuku mkubwa. Banda la futi 5 kwa futi 8 latosha kuku 20. Ukiwajaza 40 humo, hakuna sakafu itakayobaki kavu, hata ukiipaka dhahabu.

Dawa za mbao, na zile za kuepukwa

Mafundi wengi wakiulizwa juu ya dawa ya mbao hujibu neno moja tu, oili chafu. Hupatikana gereji kwa bei ndogo au bure, hupenya ubao vizuri, na mchwa huichukia. Hayo yote ni kweli. Lakini oili iliyokwisha kutumika katika injini imebeba chembe za vyuma vilivyosagika humo, na mabaki ya mafuta yaliyoungua, na baadhi ya mabaki hayo huleta saratani. Kuku si kiumbe cha kutembea tu juu ya sakafu. Hulala juu yake, huparua, hudonoa kila kilichonata, kisha hujisafisha manyoya kwa mdomo. Kinachoingia tumboni mwake chaweza kufika kwenye yai, na yai hilo ni la mtoto wako. Oili chafu usiitie sakafuni, wala ukutani, wala kwenye vichanja.

Kreosoti nayo, ile nyeusi yenye harufu kali ambayo hutiwa nguzo, isiingizwe ndani ya banda. Hewa yake huunguza, na huendelea kutoka kwa muda mrefu.

Jihadhari pia na mbao zenye rangi ya kijani kibichi. Hizo zimetiwa kwa mitambo dawa ya shaba, kromiamu na aseniki, kama zile nguzo za umeme zinazotengenezwa katika mikoa yetu. Ni dawa hodari sana dhidi ya mchwa na kuvu, lakini aseniki ni sumu. Huko Marekani, mwisho wa mwaka 2003, watengenezaji waliacha kuitia katika mbao za matumizi ya kawaida ya nyumbani. Kipande cha nguzo kama hiyo chaweza kuwa mguu wa banda. Kisiwe sakafu wala kichanja. Unga wake wa msumeno usitandazwe bandani, na vipande vyake visipelekwe jikoni, maana ukivichoma sumu hubaki katika majivu na nyingine hutoka na moshi. Watu wengine huchota majivu ya jikoni wakawapa kuku wajigaragaze. Ni desturi nzuri kabisa, ila yawe majivu ya kuni ambazo asili yake waijua.

Baadhi ya wazee watakumbuka zamani ambapo DDT ilinyunyizwa bandani dhidi ya viroboto na utitiri. Siku hizo ilihesabiwa kuwa neema. Baadaye ilijulikana kwamba hukaa ardhini miaka mingi, na kwamba hujikusanya katika mafuta ya mwili na katika kiini cha yai. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ulioanza kutumika mwaka 2004, uliizuia isipokuwa kwa kupambana na wadudu waletao maradhi kama mbu wa malaria. Kadhalika usimwage sakafuni dawa ya pamba, ya kahawa au ya nyanya kwa kuwa tu ni kali. Ukali wake ndio ubaya wake.

Baada ya kukataza hayo yote, sharti niseme lipi lifanywe. Rangi ya mafuta ya kawaida yatosha, ikipakwa mahali panapostahili na kwa wakati wake.

Wakati wake ni kabla ya kupiga misumari. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mtu hujenga sakafu, kisha hupaka juu, mahali anapopaona. Lakini ubao hunywa maji zaidi kwa vichwa vyake, yaani pale ulipokatwa na msumeno, kama vile mtu anywavyo kwa mrija. Unakunywa pia kwa kingo zake mahali mbao mbili zinapokutana, na kinyesi kilicholowa huteremka humo humo. Kwa hiyo kata mbao zote kwa vipimo, zipige randa upande wa juu, kisha pindua kila ubao na kuupaka pande zote. Vichwa vipakwe mara tatu. Mkono wa kwanza uwe wa rangi iliyolainishwa kwa thina kidogo ili iingie ndani ya ubao; mkono wa pili uwe mzito. Upande wa chini, usioguswa na kuku, ukipenda waweza kupaka rangi ya lami, ambayo ni ya bei nafuu. Usisahau mgongo wa boriti, pale mbao zitakapolala. Kwa banda la futi 5 kwa futi 8, rangi ya lita 2 hutosha mikono miwili juu na chini, ikiwa mbao zimepigwa randa. Zisizopigwa randa hunywa zaidi.

Usitumie kopo la zamani lililosahauliwa stoo. Rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa kuku na kwa watu.

Rangi ikikauka, piga mbao zikibanana sawasawa, kisha gusia rangi mahali misumari ilipoingia na mahali fundi alipopunguza kwa msumeno. Kona ambapo sakafu hukutana na ukuta zibe kwa kipande chembamba cha ubao kilichokatwa pembetatu. Halafu acha banda wazi muda wa wiki nzima. Pumzi ya kuku ni laini kuliko ya ng'ombe. Mwili wake una vifuko vya hewa vingi, na hewa mbaya humdhuru upesi. Maadamu wewe unaisikia harufu ya rangi asubuhi baada ya banda kufungwa usiku, kuku wasiingie.

Juu ya chokaa

Asiye na fedha ya rangi asikate tamaa, chokaa ipo. Chokaa haizuii maji kuingia katika ubao, na asikudanganye mtu kwamba huzuia. Kazi yake ni nyingine. Huziba nyufa ndogo wanamojificha wadudu, huua vijidudu vingi vya maradhi, hutia mwanga ndani ya banda, na juu ya weupe wake waweza kuwaona utitiri wakitembea.

Nunua chokaa iliyokwisha kuzimwa. Ile isiyozimwa huchemka ikitiwa maji, na imekwisha kuwapofusha watu. Changanya kilo 3 za chokaa na lita 6 za maji, koroga, chuja kwa kitambaa, acha ilale usiku. Kwa kuta, tia na kilo moja ya chumvi iliyoyeyushwa, ili chokaa ishike isikutoke mkononi kila ukigusa ukuta. Kwa sakafu usitie chumvi, kwa sababu chumvi huvuta unyevu wa hewa, na hilo ndilo tunalolikimbia. Lowanisha ubao kidogo, paka chokaa nyembamba, acha ikauke siku moja, paka tena. Kuku wasiikanyage mpaka imekauka kabisa, maana chokaa mbichi huchoma miguu. Mpakaji naye akinge macho yake.

Chokaa haishiki vizuri juu ya rangi ya mafuta. Basi chagua. Kwa maoni yangu, mwenye uwezo apake sakafu rangi na kuta chokaa.

Kapeti la plastiki

Siku hizi wafugaji wengi wameanza kutandika sakafu kwa kapeti la plastiki, lile linalouzwa kwa mita madukani kwa ajili ya vyumba vya nyumba. Ni wazo zuri. Hufagilika upesi, halinywi maji, na vipande vilivyochakaa sebuleni hupata kazi ya pili. Lakini kapeti hulinda ubao mkavu, na huo huo ubao ukiwa umelowa kapeti huuangamiza, kwa sababu hufunga maji ndani kama sufuria iliyofunikwa.

Mfugaji mmoja niliyemtembelea upande wa Njombe alilitandika mwezi wa Januari juu ya mbao zilizokuwa zimelowa, akaligongomea misumari pande zote. Juu pakawa safi sana, hata akawaita majirani waone. Alipofika mwezi wa Juni, mbao zote za kona ya nyuma zilikuwa zimeoza, na hakuna aliyejua, kwa sababu kapeti lilikuwa limezifunika. Usiku mmoja nguchiro alizirarua kwa chini akalipasua kapeti. Asubuhi mama mwenye nyumba aliokota kuku 17. Nguchiro hali kuku 17, huwaua tu. Fedha ya mtoto wao ya kuingia kidato cha kwanza ilikuwa imo katika kuku wale, na mwaka ule mtoto alichelewa kuripoti shuleni mpaka mahindi yalipouzwa.

Basi ukitaka kutumia kapeti, lilaze wakati wa kiangazi, juu ya mbao zilizokauka na kupakwa. Likate lizidi sakafu kwa inchi 4 kila upande, ili ulipandishe ukutani, isipokuwa mlangoni, ambapo liachwe lining'inie nje kidogo kuteremsha maji ya kuoshea. Usilipige misumari katikati, maana kila msumari ni tundu. Lishike kwa fito nyembamba juu ya ule ukingo uliopanda ukutani, na fito hizo zifungwe kwa skrubu, ili uweze kuzifungua. Fito hizo zafaa kwa jambo la pili pia: kuku akiona ukingo ulio wazi ataudonoa, na vipande vya plastiki vitakwama katika firigisi yake. Kila baada ya miezi mitatu lifunue lote, ulianike juani, uache mbao zipate hewa siku nzima. Ikiwa wajua hutafanya hivyo, usilinunue. Rangi peke yake itakufaa zaidi.

Wengine hulaza bati bapa. Panya hawapiti, hilo ni kweli. Lakini katika baridi ya Makete ya mwezi wa Juni na Julai bati hutoa jasho, na kingo zake hukata miguu. Mimi silipendi.

Tena kapeti au bati pasipo matandazo juu yake huteleza. Vifaranga wakikulia mahali panapoteleza miguu yao hupanuka ikawa kama ya chura, na hawasimami tena.

Matandazo

Kazi ya matandazo ni kunywa maji ya kinyesi na kuyatoa hewani pole pole kabla hayajafika kwenye ubao. Maranda ya seremala ndiyo bora katika mikoa yetu. Yapo kwa wingi Mafinga na Makambako, na mara nyingi fundi hufurahi kuondolewa takataka. Lakini umuulize alikuwa akiranda mbao gani. Zile za kijani usichukue. Pumba za mpunga kutoka Kyela au Usangu zafaa vile vile, ingawa hazinywi maji sana kama maranda, na zachanganyika nayo vizuri. Mabunzi ya mahindi yaliyopondwapondwa na kukaushwa hufaa. Majani makavu marefu yakatwe kwanza vipande vya inchi 2, la sivyo hugandamana kama mkeka. Unga wa msumeno mwembamba sana uepukwe kwa vifaranga, maana huula wakidhani ni chakula, na vumbi lake huwasumbua kifua.

Lolote utakalochagua liwe kavu na lisiwe na ukungu. Ukungu wa matandazo huingia kifuani mwa kuku na kuota humo, na hakuna dawa yake ya maana kwa mfugaji mdogo.

Tandaza kimo cha inchi 3. Kwa banda letu la futi 5 kwa futi 8 ni kama debe 14. Ukifanya inchi moja tu kwa kubana matumizi, maji yatafika chini siku ya kwanza. Kila asubuhi geuza kwa reki mahali palipogandamana, hasa chini ya vichanja, na maji ya kunywa yawekwe nje kama kuku hutoka mchana. Kama hawatoki, chombo kisimame juu ya kiunzi chenye waya, na chini yake sinia la kupokea matone.

Ili ujue hali ya matandazo, chota konzi moja uikaze. Ukifungua mkono, yakibaki donge, yamelowa mno. Ondoa sehemu ile, weka makavu. Yakifumuka pole pole, ni sawa kabisa. Yakimwagika kama mchanga na kutoa vumbi, yamekauka kupita kiasi, na kuku watapiga chafya.

Yako mazoea ya kumwaga chokaa au majivu juu ya matandazo yaliyolowa ili kuondoa harufu. Kwa kinyesi kibichi jambo hili huleta kinyume chake, kwa maana chokaa na majivu huifukuza amonia itoke yote kwa pamoja. Toa matandazo yaliyolowa kwanza.

Njia moja ipunguzayo kazi hizi zote ni kuweka chini ya vichanja ubao mpana wa kutolewa, uliopakwa rangi na kunyunyiziwa mchanga mkavu. Kinyesi cha usiku huangukia hapo, nawe asubuhi huuvuta nje ukaukwangua. Mtoto aweza kuifanya kazi hiyo kabla ya kwenda shule, akanawa mikono kwa sabuni. Kwa ubao huu matandazo hudumu muda mrefu zaidi.

Kazi ya mwezi wa Septemba

Kila mwaka, kabla mvua hazijaanza, toa kila kitu ndani ya banda. Mwenye kufagia ajifunge kitambaa puani. Kwangua, osha kwa sabuni, mwaga maji yanayochemka katika nyufa na kwenye ncha za vichanja, ambako utitiri hukusanyika. Rudia maji hayo baada ya wiki moja, kwa sababu mayai yaliyoponea yatakuwa yameanguliwa, na vizazi vya utitiri hufuatana upesi, kama siku 7 hadi 10 wakati wa joto. Usidhani kwamba ukiliacha banda tupu mwezi mmoja watakufa njaa. Huweza kukaa miezi mingi pasipo kunyonya. Wakizidi, mwone Bwana Mifugo wa kata yako akupe dawa ya unga iliyoandikwa kuwa ni ya kuku, na umwulize ni siku ngapi mayai yasiliwe.

Kisha chukua bisibisi, ingia chini ya banda, uchome kila ubao, hasa karibu na mlango na kona za nyuma. Bisibisi ikiingia kwa urahisi kama katika boga, ubao huo ung'oe siku hiyo hiyo. Usiupake rangi juu ya uozo. Ubao mmoja mpya wa moja kwa nane bei yake haifiki bei ya kuku wawili. Palipo pazima gusia rangi ilipokwaruzika, acha pakauke, na utandaze upya.

Matandazo ya zamani ni mbolea, lakini si ya kupelekwa shambani moja kwa moja. Maranda mabichi yakifukiwa hunyang'anya mahindi chakula chao yanapooza, na kinyesi kibichi huunguza mizizi. Yarundike pamoja na majani mabichi na samadi ya ng'ombe mahali penye kivuli, lowanisha, funika kwa nyasi, geuza kila baada ya wiki 3. Rundo likipoa na kuwa jeusi, lisipotambulikana tena nini maranda na nini kinyesi, tia konzi mbili katika kila shimo la mahindi, uchanganye na udongo kabla ya kuweka mbegu.